Nisafishie Picha

6 Januari

Binti Povu, mpwa wangu,

Pokea salamu zangu, za mkaza mjomba wako, na za benchi zima la wateja wanaouliza kila siku, "Yule binti wa dada yako, mwenye nywele kama msitu, yuko wapi?" Nawajibu yuko mbali, anafua mashuka ya hospitali nzima, na shuka likitoka mikononi mwake hata mgonjwa mahututi huona aibu kulichafua. Mama yako hajambo. Goti lake linauma akiombwa kazi na kupona akialikwa mahali.

Najua utasema, si upige simu tu? Simu ninayo, lakini kila ukipiga kuna mteja kitini, na benchi lina masikio. Barua naisoma peke yangu.

Sasa jambo lenyewe. Ukuta wangu unakufa. Unaujua: kila mtoto aliyenyolewa mara ya kwanza kwenye kiti changu nilimpiga picha na kumtundika. Picha za zamani jua limezila. Kuna moja sijui tena kama ni mtoto wa seremala au ni begi. Za miaka ya karibuni zimelala ndani ya simu kama wafungwa. Yule mpiga picha wa kona amefunga studio, sasa anauza kava za simu. Nilipomwuliza nitasafisha picha wapi, alinicheka. "Siku hizi ni mtandaoni, mzee. Unatuma, wanakuletea."

Mtandaoni mimi sina mwenyeji. Wewe ni mtu wa kusafisha, basi nisafishie picha. Nimekutumia zote kwa simu, hata za ukutani nimezipiga upya. Nichagulie kampuni yenye kazi nzuri, isiyo na maringo. Na weka na ya kwako moja, ya sasa, nikutundike juu ya kioo.

Mjomba wako,
Mkasi


24 Januari

Mjomba Mkasi, shikamoo.

Natumai nywele zinaendelea kuota vichwani mwa watu, maana ndiyo riziki ya nyumba. Mimi niko. Mashine kubwa ya kukaushia ilikufa wiki iliyopita, tukaanika mashuka mpaka kwenye korido. Daktari mmoja aliingia kati yake akatokea jikoni. Mwambie mama nimepata zile soksi, zinanitosha mimi na jirani kwa pamoja.

Nimeishughulikia kazi yako. Kumbe kampuni za kusafisha picha ni nyingi kuliko aina za sabuni. Moja inajisifu kwa rangi, nyingine kwa haraka, nyingine imeweka familia inayocheka kupita kiasi mpaka nikaishuku. Nimejifunza kutosoma sifa wanazojipa. Nasoma malalamiko ya wateja. Mmoja analia kwamba picha za harusi yake zilifika zimekunjwa kama leso. Kampuni hiyo nikaiacha. Mwingine analalamika kwamba mbwa wake ametoka mnene. Hapo sikuona kosa la kampuni.

Ila Mjomba, picha ulizonitumia haziwezi kusafishwa na mtu yeyote. Simu ikituma picha kwa njia ya kawaida huikamua kama shuka, inafika nyepesi. Ukiikuza, sura inavunjika vipande vipande. Mwombe mkaza mjomba akuonyeshe kuzituma kama faili, anajua. Na usimwambie kwamba ulikuwa unajua pia.

Nimechagua ile ya haraka, karatasi ya kung'aa. Bahasha itakuja posta kwa jina lako.

Picha yangu tusubiri. Siku hizi sipendezi.

Mpwa wako


2 Machi

Binti Povu,

Hapa sote tuna afya. Paka wa duka amezaa ndani ya sanduku la taulo, kwa hiyo wateja tunawafuta kwa magazeti.

Bahasha imefika. Niliifungua mbele ya benchi zima, kwa mbwembwe, nimevaa koti langu jeupe la kazi. Mpwa wangu, wamekata vichwa! Mtoto wa seremala anaanzia kwenye nyusi. Mapacha wa fundi bomba wana videvu tu na shingo. Kinyozi mzima nimetundika picha za kunyoa zisizo na nywele! Mteja mmoja akaziangalia akaniuliza, "Hawa ndio wale waliokataa kutulia kitini?" Benchi likacheka mpaka likalia.

Tena hiyo karatasi inang'aa mno. Taa ikiwaka naona jua tupu, sura hakuna. Sijui watu wanaipendea nini.

Kazi si mbaya. Wateja wamepungua kidogo, ni msimu tu. Nimeanzisha mtindo mpya, kipara kitupu. Kila anayekaa namshawishi. Ile mistari ya pembeni wanayoipenda vijana nimeiacha, imepitwa na wakati.

Na usiniambie hupendezi. Mwamuzi wa hilo ni mimi, na ada yangu ndogo.

Mkasi


15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nilisoma barua yako mbele ya mashine, nikacheka mpaka msimamizi akaja kuangalia kama nimevuta dawa ya kung'arishia. Poleni na paka. Mama yuko vipi? Nikimpigia ananieleza habari za majirani tu.

Kosa la vichwa nimelielewa. Picha ya simu yako umbo lake si sawa na umbo la ile karatasi, sasa ili ienee lazima kitu kikatwe, na wale watu wanakata bila kuuliza. Nimewahama. Kampuni niliyoipata sasa inakuonyesha kabla hujaagiza ni wapi patakatwa, na ukitaka wanaacha ukingo mweupe pande zote ili kichwa kibaki salama. Na karatasi safari hii ni isiyong'aa, macho yako yapumzike. Nimeagiza nakala mbili, moja kwako na moja kwangu, maana nakujua. Ukilalamika niwe na ushahidi mezani.

Nimeweka na picha yangu. Nimesimama kando ya mashine za kukaushia, nimefunga kilemba. Kazini ni lazima tufunge.

Halafu hebu nieleze hili la kipara. Vijana wa mtaa mzima wamekubali? Umewalisha nini?

Mpwa wako


21 Aprili

Binti Povu,

Nakusalimu kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika chai. Mama yako mzima, amealikwa mahali, kwa hiyo goti limepona. Mkaza mjomba wako amenunua pazia jipya la sebuleni, nami nimelisifu ingawa hakuna mtu aliyeniambia rangi yake.

Picha zimefika. Vichwa vyote vipo, shukrani. Na ule ukingo wa rangi ya siagi umenipendeza, ni wazo zuri. Lakini picha zenyewe! Zote za manjano, kana kwamba wamezichovya kwenye chai. Watoto wote wa mtaa wana homa ya manjano. Halafu zimefifia, kama walizipiga ndani ya ukungu. Ile kampuni ya kwanza ilikuwa na panga. Hii ina vumbi. Waandikie uwakaripie, sema mjomba wako si mtu wa kuchezewa.

Picha yako nimeiona. Naona mashine, naona kitu cha kijani, naamini chini yake ni wewe. Mkaza mjomba wako aliichukua akaiangalia muda mrefu, kisha akairudisha bila neno. Unamjua, akinyamaza kuna jambo. Nilipomwuliza akasema chai inapoa.

Juni unakuja, sivyo? Chumba chako kimeshapigwa rangi.

Mkasi


3 Mei

Mjomba, shikamoo, na ukae kwenye kiti chako mwenyewe ndipo usome.

Wale watu niliwaandikia. Niliwakaripia kama ulivyotaka, kwa maneno ambayo mama asingependa kuyasikia. Wakaomba radhi, wakasafisha picha zote upya bila malipo, wakanitumia hapa. Nikazipanga mezani, za kwanza na za pili, chini ya dirisha. Hazina tofauti hata kidogo. Zote nzuri. Mtoto wa seremala anaonekana mpaka jino.

Nikarudi kwenye barua yako nikasoma tena, nikakwama kwenye siagi.

Mjomba, sikuagiza ukingo wa siagi. Niliagiza mweupe. Weupe ndiyo kazi yangu, naujua kama wewe unavyojua mkasi. Najua weupe wa shuka jipya, wa shuka lililochoka, na wa shuka lililofuliwa pamoja na soksi ya mtu mzembe. Ukingo ule ni mweupe kuliko koti la daktari.

Basi nikazitoa barua zako. Ya Januari, herufi zinakaa kwenye mstari kwa adabu. Ya Aprili, neno moja limekula mistari miwili, na sahihi yako imetoka nje ya karatasi kwenda matembezini.

Nikampigia mama. Unamjua dada yako, ukimwuliza la kwanza anakujibu mpaka la saba. Anasema umemkata mwalimu mkuu sikio. "Kidogo tu," anasema. Lakini mwalimu mkuu siku hizi ananyolewa ng'ambo ya barabara, na wenzake wamemfuata. Ndiyo siri ya kipara, Mjomba? Kwa sababu kipara hakina mstari wa kukosea?

Nimegoma. Sikusafishii tena picha hata moja mpaka macho yapimwe. Nakupenda, lakini nimegoma.

Mpwa wako


19 Mei

Mpwa,

Nimekasirika mpaka hasira imechoka yenyewe.

Sikio la mwalimu mkuu ni refu tangu tulipokuwa shule pamoja. Mtu yeyote angeligusa. Na mama yako nitaongea naye.

Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Moyo wangu mzima.

Nimeshika wembe tangu ujana wangu. Mimi ndiye ninayejua wembe unavyoteleza, si wewe. Wakishapima watataka kupasua. Sasa mtu aje na kisu chake mpaka kwenye jicho, nami nimelala chali namtazama? Haya. Nitakwenda, kwa sharti moja. Uje Juni kama ulivyoahidi, unishike mkono. Bila wewe siendi.

Mkasi


30 Mei

Mjomba, shikamoo.

Methali hiyo haikutungwa na kinyozi.

Likizo imekataliwa. Kazi ni nyingi, watu wachache. Nenda na mkaza mjomba, mkono wake una nguvu kuliko wangu, na ukitaka kutoroka atakukamata. Tafadhali usinisubiri.

Nisalimie wote.

Mpwa wako


12 Agosti

Binti Povu wangu,

Nimenyamaza muda mrefu, najua. Mwanzo nilikuwa nimenuna, na kununa kwa umri wangu huchukua muda.

Kisha akaja mama mmoja dukani, amembeba mwanawe wa kwanza. Alitaka nimnyoe mimi, kwa sababu mumewe yuko ukutani kwangu, nilimnyoa akiwa hajaota meno. Nikamweka mtoto kitini kwenye ule ubao wa watoto, nikawasha mashine. Akageuka kunitazama, akacheka. Binti Povu, nilikiona kicheko lakini kichwa sikukiona. Palikuwa na kitu laini, cha mviringo, chenye ukungu, na mkononi mwangu kuna chuma kinachonguruma. Nikazima. Nikamwambia yule mama mashine imeharibika. Akaondoka ameinama, maskini, akidhani simtaki. Nilifunga duka, nikaenda nyumbani nikamwambia mkaza mjomba wako, "Vaa viatu, twende." Hakuuliza wapi. Alikuwa ameshavaa.

Daktari alinimulika akasema, "Mzee, una mtoto wa jicho. Pande zote mbili." Mkaza mjomba wako akadakia, "Wawili? Na mama yao ni nani?" Daktari alicheka hata akalazimika kuweka tochi chini. Mimi sikucheka. Nilianza kucheka tulipofika nyumbani.

Upasuaji wenyewe nilikuwa nimejiandaa kukiona kisu. Sikukiona. Niliona mwanga tu, kama mtu aliyelala chini ya maji safi, na nikamsikia daktari akimweleza muuguzi habari za paa lake linalovuja. Nikawaza, mtu anayeweza kuongea habari za paa huku anafanya kazi, huyo ni fundi. Hata mimi hunyoa hivyohivyo. Nikatulia.

Kesho yake wakatoa kitambaa walichonifunga jichoni. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa mkaza mjomba wako. Nikamwambia, "Umezeeka." Akaniambia, "Umepona."

Nimerudi dukani baada ya jicho la pili. Aibu niliyoiona humo sitaisahau. Nywele za msimu mzima zimejaa kwenye pembe za sakafu. Koti langu jeupe la kazi ndilo la rangi ya siagi, na hakuna aliyeniambia! Nikazitoa picha zako. Ukingo ni mweupe. Watoto ni wazima, hakuna mwenye homa. Waandikie wale watu uwaombe radhi, sema mjomba wako aliwasingizia, na kwamba kazi yao ni safi. Mwalimu mkuu nimemwendea mwenyewe. Amekubali kurudi, lakini anakaa ameshika masikio yote mawili.

Sasa nisikilize, na hapa sitanii.

Nimeiona picha yako. Nimeitazama karibu na dirisha. Nimefunika na kufunua vichwa vya watu umri wangu wote, na najua kitambaa kinavyolala juu ya nywele na kinavyolala juu ya ngozi. Kilemba kile hakina kitu chini yake. Na nyusi hizo umezichora. Ya kushoto umeichora vizuri kuliko ya kulia.

Sikuulizi. Nakwambia tu kwamba sasa naona.

Mjomba wako,
Mkasi


20 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara kadhaa, na kila mara nikaishia kwenye salamu. Basi nimezifupisha. Nimefurahi kuhusu macho yako kuliko ninavyoweza kusema, na wale watu wa picha nimewaandikia. Mhudumu wao amenijibu kwamba katika kazi yake yote hakuna mteja aliyewahi kurudi kuwaomba radhi, na anakutakia macho mema.

Likizo haikukataliwa. Sikuiomba.

Ilianza mwaka jana, nyuma ya sikio, duara dogo lisilo na nywele, kama sarafu. Nikadhani ni dawa za kufulia. Kisha likatokea jingine, na jingine. Nikiamka nazikuta juu ya mto. Daktari wa ngozi wa hapa anasema si dawa, na si ugonjwa wa kuambukiza wala wa kuua. Anasema mwili umegombana na nywele zake wenyewe, umeziona kama adui. Zinaweza kurudi, zinaweza zisirudi. Ananiambia hivyo na nywele zake zimejaa kichwa kizima, nami natamani kumtupia taulo.

Zimebaki visiwavisiwa. Sijazinyoa. Nikizinyoa ni kama nimekubali. Asubuhi nafunga kilemba kabla sijawasha taa ya bafuni.

Ningemwambia mama, lakini angejibu mpaka la saba kwa kila jirani. Na wewe ndiye ningekuambia mwisho kuliko watu wote. Mpwa wa kinyozi, asiye na nywele! Benchi lako lingesema nini? Wewe uliyekuwa ukinisuka mwenyewe mama akiwa kazini, ukiwaambia wateja wangoje, kuna kazi kubwa. Sikutaka uniangalie kichwani kisha utafute la kusema.

Nimekukaripia kuhusu kuficha macho, nami nimejifunika. Nyani haoni kundule. Haya, cheka.

Mpwa wako


29 Septemba

Binti Povu,

Sikucheka. Mkaza mjomba wako alijua tangu Aprili. Nilipomwuliza kwa nini hakuniambia alisema, "Mwenyewe akitaka atasema. Na wewe ungemwandikia upuuzi." Ni kweli, ningekuandikia upuuzi.

Kwa hiyo nitasema moja tu. Katika ukoo huu mwenye ruhusa ya kukunyoa ni mimi. Mwili wako umenipokonya mteja, tena bila kuniuliza, na kazi yenyewe umeiachia njiani. Visiwa! Kinyozi gani anaacha visiwa? Hata nilipokuwa sioni sikuwahi kuacha kisiwa.

Jumatatu huwa sifungui. Nitateremsha pazia na kuligeuza benchi litazame ukuta. Ukitaka kunyolewa utanyolewa. Ukitaka kukaa tu tunywe chai, tutakunywa. Ukitaka kulia, taulo zipo, paka amehama.

Omba likizo.

Mkasi


8 Desemba

Mjomba, shikamoo, na nishikie miguu ya mkaza mjomba.

Nimerudi huku kazini salama. Mama alinijazia begi vyakula mpaka mkaguzi wa mizigo akaniuliza kama nakwenda kufungua duka. Nimemkuta jirani mzima, mashine ya kukaushia imekufa tena, na dunia iko vilevile.

Jumatatu ile dukani kwako hatukuongea sana, na wewe ulikuwa nyuma yangu, kwa hiyo kuna ambayo hukuyaona. Uliponiambia, "Vua, au tunywe chai kwanza?" nilikuwa nimeshaamua chai. Mkono ukavua wenyewe. Nikakutazama kwenye kioo nione utafanya nini na uso wako. Hukufanya kitu. Uliinama ukapitisha kidole kwenye kichwa changu polepole kama fundi anayetafuta misumari kwenye mbao, ukawasha mashine ukaanza kunyoa, ukasema, "Umbo zuri. Ulikuwa unalificha bure." Ndipo nikalia. Ulidhani ni mashine imenibana, ukaizima kuikagua. Haikuwa mashine, Mjomba. Ilikuwa ni hilo neno bure.

Na uliponigeuza kwenye dirisha kunipiga picha, nilikuwa sijui nicheke au nikunje uso. Ukasema, "Tazama hapa, na kama una la kumwambia mwalimu mkuu, mwambie." Basi nikacheka.

Sasa habari za picha hiyo. Nilitafuta tena kampuni, kwa sababu kuna mpya inayosafisha kwenye karatasi nene kama kadi na kuisafirisha ndani ya bahasha ngumu isiyokunjika. Nililinganisha, nikasoma malalamiko, nikajaribu rangi. Mwisho nikarudi kwa wale wale watu wa ukingo mweupe. Kazi yao niliijua, na walivumilia matusi yangu. Niliagiza mbili kubwa. Yako iko njiani. Yangu niliandika iletwe kazini, kwa sababu nyumbani sipo mchana.

Nilisahau jambo moja. Hapa kila kifurushi kinachoingia kwenye chumba cha kufulia hufunguliwa na mama mpiga pasi. Ni mwenzetu mkubwa kwa umri, mtu wa sauti nzito, na tangu tulipowahi kuletewa panya ndani ya boksi la sabuni hakubali kitu kipite bila kukikagua. Nilikuwa ndani natoa mashuka. Nilipotoka nimelikumbatia rundo mpaka kidevuni, niliwakuta wote wamesimama kuizunguka meza ya kupigia pasi. Bahasha iko wazi. Picha iko juu ya foronya, na mimi ndani yake, kichwa kitupu, nacheka meno yote.

Nikahisi kilemba kinanibana kama kamba. Nikataka kurudi ndani na mashuka yangu nijifungie.

Mama mpiga pasi akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akaitazama picha tena.

"Nani kakunyoa?"

"Mjomba wangu."

"Ana mkono mzuri," akasema.

Kisha akainua mikono yake miwili, akashika ile wigi yake ndefu ambayo hatujawahi kumwona bila yake, akaivua, akaitundika kwenye msumari wa aproni. Chini yake kuna mvi fupi fupi, nyeupe, zimelowa jasho. Akajifuta kwa foronya iliyotoka kupigwa pasi, kosa ambalo mimi angenifukuzia kazi.

"Joto lote hili," akasema. "Nilikuwa nangoja mtu aanze."

Nikaweka mashuka mezani, nikafungua kilemba, tukaendelea na kazi.

Mpwa wako,
Binti Povu